Fundi wa Sare na Amri ya Nane

Filomena Yim hakuwa mtu wa kusahau. Wako watu hukosewa asubuhi na jioni wakanywa chai na waliowakosea. Yeye hakuwa wa ukoo huo, wala hakujisingizia. Alikuwa fundi wa sare za shule huko Sham Shui Po, mtaa wa Kowloon, mjane wa miaka hamsini na mmoja, mwembamba, mgongo umenyooka kama amemeza rula. Jina la kwao lilikuwa Pui-wan. La Filomena alipewa na masista siku aliyobatizwa, na ndilo jina lililokuja kuharibiwa.

Masista walimsomesha miaka kumi, wakamfukuza kwa dakika kumi. Lakini shule inaweza kukutoa wewe, isitoke yenyewe mwilini mwako. Saa sita ya mchana ikigonga, mguu wake uliachia kanyagio la cherehani bila kuulizwa, akasimama kusali Malaika wa Bwana, na mteja mwenye haraka akatafute fundi mwingine. Kila ukurasa wa daftari lake la vipimo ulianza na kimsalaba kidogo pembeni juu. Hakuacha punje ya wali bakulini. Hakukunja nne akikaa. Sista akipita barabarani, hata awe binti ambaye yeye angeweza kumzaa, Filomena alijikuta amesimama.

Kiu, msaidizi wake, mwanamke wa makamo mwenye mdomo usio na breki, jambo hilo lilimkera kuliko yeye mwenyewe.

"Dada Wan, hao walikumwaga kama maji ya kuoshea mchele, na bado unawasimamia?"

"Nasimama kwa sababu nilifundishwa," Filomena alimjibu. "Na kukumbuka pia nilifundishwa."

Kukumbuka huko kulikuwa na desturi yake. Kila usiku kabla ya kulala alisali Baba Yetu, na kila usiku akifika penye "utusamehe makosa yetu" alifunga mdomo, akangoja kiasi cha pumzi moja, kisha akaendelea na "usitutie katika kishawishi". Yale maneno ya kati, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea, hakuyatamka kwa miaka thelathini na mitano. Kwake yeye kuyatamka kungekuwa kumdanganya Mungu usoni, na kudanganya ni dhambi. Marehemu mumewe, Lau, ambaye hakuwa na dini yoyote zaidi ya mbio za farasi, aliwahi kumuuliza anameza nini pale katikati. Alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa, akasema Mungu wao akiwa na masikio mazuri basi anasikia hata hilo pengo.

Pengo hilo lilikuwa na mwenyewe. Aliitwa Bernadeta Koo.

Mwaka wa sitini na nne wote wawili walikuwa na miaka kumi na sita. Bernadeta alikuwa binti wa daktari, nywele zake nyeusi zinafika kiunoni, wa kwanza katika katekisimu na wa kwanza kujua kwamba ni wa kwanza. Filomena alikuwa binti wa mama muuza tofu, nywele zimekatwa masikioni kwa sababu mama hakuwa na muda wa kusuka, na anasoma kwa msaada wa masista. Mwezi wa Mei ni mwezi wa Bikira Maria, na kila mwaka msichana mmoja alichaguliwa kuivika sanamu yake taji la maua mbele ya shule nzima. Mwaka huo akachaguliwa Bernadeta kulivika, na Filomena, kwa kuwa mikono yake haikuwa na mfano, akapewa kulitengeneza. Alilisuka kwa asumini na waya mwembamba. Ilimchukua jioni tatu.

Ijumaa kabla ya sikukuu, taji likakutwa sakristia limekatika vipande viwili, maua yamepondwa. Bernadeta akaenda kwa Sista Assunta akilia machozi ya kujaza ndoo. Alisema amemkuta Filomena akilichana kwa mikono yake, kwa wivu, kwa sababu hakuchaguliwa yeye.

Sista Assunta alikuwa mwanamke mrefu kutoka Italia aliyetembea na vibao viwili vya mbao. Akivigonga mara mbili, darasa zima linakaa sawa na kujibu. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu asiyeweza kufikiri kwamba binti wa kwanza katika katekisimu anaweza kusema uongo. Filomena alipofungua mdomo kujitetea, Sista akasema neno moja tu, "Kimya," na Filomena, mwanafunzi mwema, akanyamaza. Hilo hasa ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote. Alinyamaza kwa sababu aliambiwa anyamaze.

Akaamriwa afagie ule uchafu kabla ya kuondoka. Alipoinama kuokota waya, akaona unywele mmoja umenasa pale ulipokatika, kisha mwingine, kisha wa tatu, ndefu kama uzi wa kushonea. Juu yake kulikuwa na kioo ambacho padri alijitazamia akivaa mavazi ya Misa. Filomena hakuhitaji malaika wa kumfunulia. Bernadeta alikuwa amelivaa taji la Bikira kichwani mwake, akajitazama kiooni kama bibi harusi, na wakati wa kulivua likanasa nywele na kukatika. Kosa la kitoto. Ungeadhibiwa kusali rozari tatu na mambo yakaisha. Lakini Bernadeta hakutaka rozari tatu. Alitaka kulivika taji kesho yake, na alilivika, jipya, lililosukwa usiku kucha na masista wenyewe.

Filomena alifutwa katika daftari la shule wiki sita kabla ya mtihani wa mwisho. Akaingia kiwanda cha nguo, akashona kola za mashati miaka minane. Mama yake, ambaye alikuwa akipitisha mkokoteni wake wa tofu mbele ya lango la shule kila alfajiri ili tu aone binti yake anasoma wapi, hakupita tena njia ile mpaka anakufa. Alizunguka nyuma ya soko, kwenye kilima, akisukuma ule mzigo juu. Mtoto mwizi ungeweza kumtetea, alisema, lakini mtoto aliyemchania Mama wa Mungu taji unamtetea vipi? Naye aliyaamini. Mama yake mzazi aliyaamini, kwa sababu sista hawezi kukosea.

Sasa niambie wewe, hilo unalisamehe kwa wimbo gani?

Miaka ikapita. Lau akamwoa, duka likafunguliwa kwa jina la Lau, na kwa kuwa hakuna fundi Kowloon nzima aliyeshona gauni la buluu la kola ngumu kama yeye, shule ile ile ikaanza kuleta sare zake kwake kupitia karani. Filomena alizishona. Hakuwahi kuharibu hata mshono mmoja. Sista Assunta alikuwa amemfumulisha mishono iliyopinda mpaka vidole vikatoka damu, na mkono uliofundishwa hivyo haujui kupinda hata ukiombwa. Bernadeta naye hakuolewa. Alirudi shuleni kufundisha, akapanda, na masista walipozeeka na kupungua yeye akawa mwalimu mkuu. Wasichana walisema ana jicho la kuona pindo fupi kutoka ng'ambo ya barabara.

Mwaka huo, tisini na tisa, shule ilikuwa ikijiandaa kwa jubilei, na ikatangazwa kwamba kitatoka kitabu chenye jina la kila msichana aliyewahi kusoma pale, aliyemaliza na asiyemaliza. Filomena akaandika barua. Aliiandika kwa ule mwandiko wa masista, herufi zote zimelalia upande mmoja, kimsalaba juu. Hakumtaja mtu wala hakulalamika. Aliomba jina lake liwekwe, Filomena Yim Pui-wan, mwaka wa hamsini na nne hadi sitini na nne. Majibu yalikuja ya mistari miwili: jina hilo halimo katika madaftari yetu. Chini yake sahihi ya B. Koo.

Aliisoma amesimama. Kisha akaikunja, akaiweka chini ya kikebe cha pini, na tangu siku hiyo akawa anafanya kazi huku anaimba, jambo lililomtia Kiu wasiwasi.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Za Bernadeta zilikuwa nyingi kidogo, lakini zilihesabika. Wanafunzi wa zamani walio kwenye kamati waliamua kuvaa tena gauni la buluu siku ya Misa ya jubilei, na mwalimu mkuu, kwa kuwa mwalimu mkuu hapimwi na karani, akaja mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, shule zinakaribia kufunguliwa, duka limejaa mpaka mlangoni: kina mama kumi na kitu na binti zao, na wengi wa akina mama hao walikuwa wamesoma pale pale. Bernadeta alipoingia wote walisimama wima. Akawapungia mkono wakae.

Alikuwa amenenepa kidogo, nywele fupi sasa, miwani ya dhahabu. Alimwita Filomena "Bibi Lau", akamsifu kwa kazi nzuri ya miaka mingi, akaenda nyuma ya pazia kuvaa. Hakumtambua kabisa. Uso alioubeba Filomena rohoni kila usiku kwa miaka thelathini na mitano ulikuwa haukumbuki wa kwake hata kidogo.

"Dada Wan, umepauka," Kiu akamnong'oneza. "Una nini?"

"Nina mteja," akajibu.

Gauni lilimkaa vizuri, limebaki pindo. Filomena akachukua pini na rula ndefu ya mbao, akavuta kigoda chake cha kukalia.

"Piga magoti, Mwalimu."

Kiu akataka kumtetea mgeni, akasema mtu mzima anaweza kupimwa amesimama, sakafu yenyewe chafu. Lakini Bernadeta mwenyewe akacheka. Sheria ya shule ile, tangu masista wa kwanza, ni kwamba msichana apige magoti na pindo liguse sakafu. Yeye ndiye aliyekuwa akiichapisha kila mwaka kwenye karatasi ya wazazi. "Sheria ni sheria kwa wote," akasema, na sauti aliipandisha kidogo ili akina mama wasikie, na akapiga magoti kwa madaha katikati ya duka.

Filomena akabandika pini za mbele, kisha za ubavuni, taratibu, kuzunguka magoti yote mawili. Alipomaliza hakusimama. Akainua rula ya mbao, akaigonga mezani mara mbili.

Duka zima likanyooka migongo. Mama mmoja aliyekuwa akitafuna karanga akameza bila kutafuna.

"Amri ya nane yatukataza nini?" Filomena akauliza. Aliuliza kwa sauti ya Sista Assunta, ile sauti ya puani yenye kuvuta neno la mwisho, na hakuna binti wa shule ile aliyezaliwa ambaye angeweza kuisikia na kunyamaza.

"Amri ya nane yatukataza kusema uongo na kumshuhudia jirani yetu uongo," duka likaitikia kwa pamoja, mama kwa binti, na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, macho mbele, mikono imefumbatwa, alikuwa mwalimu mkuu. Alikuwa akitabasamu. Alidhani ni mzaha mtamu wa wanafunzi wa zamani.

"Aliyemharibia mwenzake jina analazimika kufanya nini?"

"Analazimika kulirudisha jina hilo kadiri awezavyo, na pasipo hivyo hapati maondoleo."

"Vizuri," Filomena akasema. "Nani alilivaa taji la Bikira Maria mbele ya kioo cha sakristia, mwaka wa sitini na nne?"

Hilo halikuwamo kitabuni. Akina mama wakatazamana. Bernadeta akabaki na mdomo umefunguka nusu, tayari kwa jibu ambalo hajafundishwa, na polepole akainua uso kumtazama fundi. Filomena akavua miwani yake ya kushonea ili atazamwe vizuri. Hapo ndipo alipomwona rangi ikimtoka usoni, na roho yake Filomena ikaburudika kama mtu aliyekunywa maji ya baridi baada ya kupanda ngazi za ghorofa kumi.

"Filomena," Bernadeta akasema chinichini.

"Halimo katika madaftari yenu."

Bernadeta akataka kuinuka.

"Tulia," Filomena akamwambia kwa upole. "Pini zimekuzunguka, utajichoma."

Yule mwanamke akatulia magotini. Akazungumza haraka, kwa sauti ya kunong'ona, ile lugha ya ofisini: yametokea makosa ya kumbukumbu, kitabu hakijachapishwa bado, Jumatatu atampigia mpiga chapa mwenyewe, jina litaingia, na kama Bibi Lau anataka, atawekewa kiti cha mbele siku ya Misa. Je, haitoshi?

"Sikuuliza habari ya kitabu. Nimeuliza nani."

"Tulikuwa watoto."

"Mama yangu hakuwa mtoto. Alisukuma mkokoteni kilimani miaka kumi na moja kwa kuona haya kupita langoni kwako. Nimeuliza nani, Bernadeta."

Kiu alikuwa amesimama na chaki mkononi. Bernadeta angeweza kung'oa pini zote na kuondoka, hakuna aliyemshika. Lakini naye alikuwa ametoka katika tanuri lile lile. Alikuwa ametoka kutamka jibu kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mashahidi, na magoti yake yalikuwa sakafuni, na kwa mtu aliyelelewa na masista mwili ukishakaa hivyo ulimi haujui njia nyingine.

"Mimi," akasema.

"Sauti. Wa nyuma hawasikii."

"Nililivaa mimi, likakatika." Sauti ilifika mpaka mlangoni. "Nikamsingizia Filomena Yim. Yeye hakuligusa."

Filomena akainama, akabandika pini ya mwisho ya nyuma, akamwambia gauni litakuwa tayari Alhamisi. Kisha akaita mteja aliyefuata kwa jina.

Habari ilizunguka Kowloon kabla ya magharibi. Kiu aliipeleka sokoni kwa mkono wake mwenyewe, akiiongezea chumvi mpaka mwalimu mkuu akawa amelala kifudifudi. Jina liliingia kitabuni, na chini yake mstari wa masahihisho. Watu walidhani Bernadeta atajiuzulu kwa aibu; hakujiuzulu. Siku ya jubilei alisimama mimbarini ndani ya gauni la buluu na kuyasema tena yale yale, bila kulazimishwa, mbele ya kanisa zima. Na padri aliposema tutakiane amani, alitoka kwenye benchi lake, akavuka njia ya kati, akaja kusimama mbele ya Filomena, akafumbata mikono na kuinama sana.

Filomena alitazama mishumaa ya altare. Alimwacha ameinama hivyo, mbele ya wasichana mia tisa na wazazi wao, mpaka kwaya ikaanza wimbo mwingine na yule mwanamke akalazimika kurudi alikotoka mikono mitupu. Ah, ilikuwa tamu. Usiku huo alilala bila kugeuka.

Jumamosi alikwenda kwenye kiti cha kitubio kwa Padri Yeung, kijana mpole, akamweleza kila kitu kwa mpangilio: la dukani, la kanisani, na utamu wake. Padri akamuuliza kama anajuta.

"Bado, Padri."

Padri akamweleza kwa huzuni kwamba pasipo majuto hawezi kumwondolea dhambi. Filomena akamwambia anajua, ni swali la mia moja na tisini na mbili la katekisimu, akainuka akaenda zake. Jumapili iliyofuata watu walipopanga mstari kwenda kukomunika alibaki amekaa, kwa mara ya kwanza tangu akiwa msichana, kwa sababu mtu aliyefundishwa haendi mezani na dhambi anayoipenda. Waliopita ilibidi awakunjie magoti ili wapite. Bernadeta alikuwa wa nne katika mstari. Alikwenda akarudi kichwa kimeinama, uso wake mwepesi kama wa mtu aliyepona homa ya muda mrefu, na akina mama waliokuwa wakimsema sokoni sasa wakamtazama kwa upendo. Kisha wakamtazama Filomena aliyebaki kwenye benchi, wakanong'onezana. Kafanya nini huyu mpaka hakomuniki?

Ikawa hivyo Jumapili saba. Na Jumamosi saba akarudi kitubioni, akaulizwa, akajibu ukweli. Jumamosi ya nane Padri Yeung alishindwa kuvumilia.

"Mama, mwenzako anakomunika kila wiki, sote tunamwona. Anayekaa nje sasa ni wewe. Unangoja nini?"

Filomena alifikiri sana, maana pale mtu hadanganyi. Magoti yalimuuma juu ya ule ubao.

"Nangoja nichoke, Padri," akasema. "Na sijachoka."